KUTAPIKA KWANZA, MAUMIVU BAADAYE
Maneno kwa wamama juu ya umio kupasuka



Leo umekuja kliniki kupima kilo ya mtoto, ao kuangaliwa mimba yako. Umekaa kwenye benchi, unangoja zamu. Soma kikaratasi hiki polepole. Kama mama aliye karibu nawe hajui kusoma, umsomee kwa sauti ili na yeye ajue.

Tunataka kukuambia juu ya ugonjwa mmoja usioonekana kila siku. Malaria unaijua. Surua unaijua. Kuhara unakujua. Lakini ugonjwa huu wamama wengi hawajausikia hata jina, na wanganga wengi hawajauona kwa macho yao. Ni ugonjwa wa nadra. Lakini ukiingia katika nyumba, haungoji. Mtu aliyekuwa mzima asubuhi anaweza kuwa maiti kesho yake.

Kwa nini basi tunakusumbua na ugonjwa wa nadra? Juu ya sababu moja. Mtu wa kwanza anayeweza kuutambua ni wewe mama wa nyumba, kwa maana wewe ndiwe uliyekuwapo wakati ulipoanza. Munganga atamkuta mgonjwa amelala, anaumwa, ana homa. Hakuona mwanzo. Wewe uliuona.

Ugonjwa huu ni kupasuka kwa umio.

1. UMIO NI KITU GANI?

Umechinja kuku mara nyingi. Ukikata shingo yake unaona njia mbili. Moja ni ngumu kidogo, ina pete pete: hiyo ni njia ya pumzi. Ya pili ni laini, inalegea: hiyo ni njia ya chakula. Ndani ya mwili wetu nasi tunazo njia hizo mbili. Ile njia laini ya chakula ndiyo tunaita umio.

Kwa mtu mzima, umio una urefu wa sentimeta 25 hivi. Ni karibu kama mkono wako toka kifundo mpaka kiwiko. Unaanza kooni, unapita nyuma ya njia ya pumzi, unashuka kifuani nyuma ya moyo, kisha unaingia katika tumbo.

Ukimeza tonge la bukari na sombe, umio unalisukuma chini kidogo kidogo mpaka linafika. Kazi yake ya kila siku ni kushusha chakula, si kukipandisha.

Tena, umio ni nyama laini. Tumbo na matumbo yamefunikwa kwa ngozi nyembamba ya nje inayoyasaidia kuwa imara. Umio hauna ngozi hiyo. Sehemu iliyo dhaifu zaidi ni ile ya chini, karibu na tumbo, upande wa kushoto. Mara nyingi ni pale unapopasuka.

2. UNAPASUKA NAMNA GANI?

Umeona kijana anayepampu mpira wa ndani wa kinga. Upepo unaingia, hauna pa kutokea. Akizidisha, mpira unapasuka. Nao unapasukia wapi? Pale palipo dhaifu.

Ni vilevile kwa umio. Mtu akitapika, misuli ya tumbo inakaza kwa nguvu nyingi na kusukuma chakula juu. Koo inapashwa kufunguka ili kitu kitoke. Lakini pengine koo haifunguki upesi. Pengine mtu mwenyewe anajizuia, kwa kuwa yuko mbele ya wageni na anaona haya. Nguvu yote inabaki ndani ya umio, na umio unapasuka kwa ghafula.

Tundu likiisha kutokea, chakula, mate, upepo na maji makali ya tumbo yanatoka na kuingia kifuani, kando ya moyo na mapafu. Pale si mahali pa chakula. Maji ya tumbo yanachoma. Vijidudu vinazaa. Usaha unaanza. Sumu inaingia katika damu. Ndiyo maana masaa yana maana sana katika ugonjwa huu.

Nani anapata ugonjwa huu? Sana sana ni wanaume watu wazima waliokula kupita kiasi na kunywa pombe kali, kisha wakatapika kwa nguvu. Lakini si wao peke yao. Unaweza kumpata mara chache mama mwenye mimba anayetapika sana, mama anayesukuma wakati wa kuzaa, mtu mwenye kifafa, mtu anayekohoa kwa nguvu, ao anayeinua mzigo mzito. Watoto nao, lakini ni nadra sana.

Usiogope bure, mama. Watu wengi wanatapika, na umio wao haupasuki. Hatutaki uogope kila tapishi. Tunataka ujue tapishi lipi si la kungojea.

3. HABARI YA KWELI YA ZAMANI

Mwaka 1723 katika nchi ya Uholanzi alikuwako mkubwa mmoja wa jeshi la majini, Baron Jan van Wassenaer. Alikuwa mtu wa kula vizuri. Naye alikuwa na desturi: akijisikia mzito tumboni, anakunywa dawa ya majani ili atapike.

Jioni moja alikunywa dawa ile. Matapishi hayakutoka vizuri. Akazidi kunywa, akazidi kujilazimisha. Mara akapiga kelele kwa maumivu makubwa. Akasema kuna kitu kimepasuka ndani yake, na kwamba atakufa. Watu wa nyumba wakataka kumsaidia. Wakampa mafuta ya zeituni, wakampa na vinywaji vingine. Hakuna kilichomfaa.

Wakamwita munganga mwenye sifa kubwa, Herman Boerhaave, aliyekuwa mwalimu wa uganga katika mji wa Leiden. Naye hakuweza kujua ni ugonjwa gani. Mgonjwa akafa siku ya pili.

Boerhaave akapasua maiti ili ajue sababu. Akakuta umio umepasuka. Na kifuani, mahali pasipopaswa kuwa na chakula, akakuta vile vitu mgonjwa alivyokunywa, hata mafuta yale waliyompa kwa huruma. Mwaka 1724 aliandika kitabu juu ya habari hiyo. Mpaka leo wanganga wanauita ugonjwa huu kwa jina lake.

Miaka zaidi ya 220 ilipita, na wagonjwa karibu wote waliendelea kufa. Mwaka 1947, Norman Barrett, mpasuaji wa London, alitoa habari ya mgonjwa wa namna hiyo aliyepasuliwa, umio ukashonwa, naye akapona. Tangu wakati huo tunajua kwamba mtu wa ugonjwa huu anaweza kupona, kama akifika mapema.

Angalia, mama, mambo mawili katika habari hii. La kwanza: aliyejilazimisha kutapika alijiumiza. La pili: kila kikombe walichompa kwa upendo kilipita tunduni na kuingia kifuani. Upendo wao ulikuwa wa kweli. Lakini hawakujua. Wewe sasa unajua.

4. ALAMA ZA KUANGALIA

Hii ndiyo sehemu kubwa ya kikaratasi chetu. Soma mara mbili.

Alama ya kwanza: KUTAPIKA KWANZA, MAUMIVU BAADAYE. Mtu ametapika kwa nguvu. Ndipo, kwa ghafula, anashika kifua ao chembe ya moyo na kulia kwa maumivu. Maumivu ni makali kama ya kuchomwa kisu. Yanaweza kwenda mgongoni ao kwenye bega la kushoto. Magonjwa mengine mengi ya tumbo yanaanza na maumivu, kisha mtu anatapika. Hapa ni kinyume. Shika sana neno hili.

Alama ya pili: akimeza, hata mate, maumivu yanazidi.

Alama ya tatu: anapumua kwa shida, mafupi mafupi. Hataki kulala chali. Anataka kukaa na kuinama mbele.

Alama ya nne: shingo ao sehemu ya juu ya kifua inavimba. Ukibonyeza polepole kwa vidole unasikia kama vipovu vidogo vinapasuka chini ya ngozi. Huo ni upepo uliotoka katika umio. Alama hii haiko kwa kila mgonjwa, na pengine inachelewa. Ukiiona, usiwe na shaka tena. Usipoiona, usiseme "basi si ugonjwa huo", wala usingoje itokee.

Alama ya tano: tumbo la juu linakuwa gumu kama ubao.

Alama ya sita: masaa yakipita, homa inapanda, moyo unakwenda mbio, jasho la baridi linatoka, mgonjwa anaanza kulegea. Hapa ugonjwa umekwisha kuenea. Usingojee kufika hapa.

Na damu je? Pengine mtu akitapika sana anatoa damu nyekundu. Mara nyingi ni ngozi ya ndani tu iliyochanika, si umio wote, na damu hiyo mara nyingi inakoma yenyewe. Hata hivyo, kila mtu anayetapika damu apelekwe kwa munganga siku ile ile. Si kazi ya nyumbani kupima damu ni nyingi ao ni kidogo.

5. TUSEME IMEINGIA NYUMBANI KWAKO

Tuseme ni siku ya sikukuu. Bwana yako amekula bukari na nyama ya mbuzi, amekunywa lutuku pamoja na rafiki zake. Usiku anatapika, mara ya kwanza, mara ya pili. Mara ya tatu anapiga kelele, anashika kifua. Nyumba yote inaamka.

Mamamkwe anasema: "Mpe maji ya moto anywe, tumbo litulie." Jirani anasema: "Amelishwa sumu huko alikokunywa. Mumpe dawa atapike yote." Mwingine anataka kumkanda tumbo. Mwingine anatafuta wembe amchanje chale. Wengine wamekwisha kutaja jina la mtu wa kushitaki.

Wote wanataka kusaidia. Lakini usiku huo, mama, wewe uwe na moyo wa nguvu. Sema kwa heshima: "Mama yangu, miye nilifundishwa kliniki. Alitapika kwanza, maumivu yakaja baadaye. Asinywe kitu. Twende hospitali."

Na juu ya lile jina waliloanza kutaja: umio hupasuka bila mkono wa mtu. Ni nguvu ya kutapika. Usiruhusu mtu asiye na kosa apigwe ao afukuzwe kijijini, huku mgonjwa anakufa kitandani bila msaada.

MAMBO YA KUFANYA

Moja. Usimpe kitu kinywani. Hapana maji, hapana uji, hapana chai, hapana mafuta ya mawese, hapana dawa ya mizizi, hapana vidonge, hata aspirini. Kama kinywa kimekauka, lowesha kitambaa safi na kupangusa midomo yake tu.

Mbili. Umkalishe nusu kitako, mgongo ukiegemea mito ao nguo zilizokunjwa. Kama amezimia, umlaze kwa ubavu ili matapishi yasimzibe pumzi.

Tatu. Angalia ni saa ngapi. Kama hamna saa, shika alama: "jogoo wa kwanza", "kabla ya jua kutoka". Munganga atakuuliza.

Nne. Ondokeni. Kama kuna pikipiki, mtu mmoja akae nyuma na kumshika vizuri. Kama njia ni mbaya ao mgonjwa hawezi kukaa, fanyeni tipoyi, vijana wapokezane. Usingoje kuche kama njia inapitika. Usingoje ndugu wa mbali wafike kwanza.

Tano. Anzeni kituo cha afya kama kiko karibu kuliko hospitali. Kituo hakiwezi kushona umio, lakini munganga wa pale anaweza kumtia serumu na dawa ya sindano, kuandika karatasi, na kuwapeleka mbele kwenye hospitali kubwa. Mkipewa karatasi ya kwenda mbele, endeni siku ile ile. Karatasi iliyolala nyumbani haiponyi mtu.

Sita. Mukifika, sema neno lako: "ALITAPIKA KWA NGUVU KWANZA, NDIPO MAUMIVU YA KIFUA YAKAANZA." Sema hivyo kwa kila munganga atakayemwangalia. Ugonjwa huu unafanana na mengine: malaria, ugonjwa wa mapafu, ugonjwa wa moyo, kidonda cha tumbo. Ukiambiwa ni malaria, usibishane wala usikatae dawa. Lakini rudia neno lako bila haya. Neno hilo linaweza kuwa ndilo litakalomfanya munganga ashike shingo ya mgonjwa na kuagiza picha ya kifua.

Kuomba Mungu ni vema. Ombeni. Lakini ombeni mukiwa njiani.

6. ANGALIA USICHANGANYE!

Mama, sikiliza vizuri hapa. Tumesema mgonjwa wa umio asinywe kitu. Hatukusema kila anayetapika asinywe.

Mtoto anayehara na kutapika anapoteza maji. Huyo asiponywa atakufa kwa kukauka. Mtoto huyo mpe kunywa kidogo kidogo, kijiko kwa kijiko. Kama huna paketi ya kliniki, chukua lita moja ya maji yaliyochemshwa na kupoa, vijiko vidogo 6 vya sukari vilivyosawazishwa, na nusu kijiko kidogo cha chumvi, koroga vizuri. Akitapika, ngoja dakika 10, kisha anza tena polepole. Endelea kumnyonyesha. Kisha umlete kwetu.

Mwenye malaria anayetapika, aje kliniki. Mwenye kipindupindu anayetapika na kuhara kama maji ya mchele, mpe maji hayo ya sukari na chumvi hata mukiwa njiani.

Tofauti iko wapi? Iko katika maumivu makali ya kifua yaliyokuja kwa ghafula baada ya kutapika kwa nguvu. Huyo ndiye wa kumfungia kinywa. Lakini wanaohara na kutapika, kunywa ni uzima wao.

7. HOSPITALI WATAFANYA NINI?

Tunakueleza mapema ili usishituke.

Watamtia serumu katika mshipa, ndiyo maji yake na nguvu yake. Watampa dawa ya maumivu na dawa kali za kuua vijidudu, kwa sindano. Wanaweza kumpa hewa ya oksijeni. Watampiga picha ya kifua. Pengine watamnywesha dawa maalum inayoonekana kwenye picha ili waone mahali inapovujia. Hiyo ni kazi yao; ninyi msimpe kitu.

Kama maji na upepo vimejaa kifuani, watatoboa tundu dogo kwenye ubavu na kuweka mpira unaoshuka katika chupa. Usiogope ukiona maji machafu ao povu katika chupa. Afadhali uchafu huo uwe ndani ya chupa kuliko ndani ya kifua. Chupa ibaki chini daima. Mtu asiinyanyue juu ya kitanda, wala asivute mpira.

Kama mpasuaji yuko na mgonjwa amefika mapema, atamfungua, atasafisha kifua na kushona tundu. Kazi hii inafaa zaidi kabla ya masaa 24 kupita. Baada ya hapo nyama za umio zinakuwa zimevimba na kuoza, na nyuzi hazishiki vizuri. Bado wanganga watajaribu, lakini hatari inakuwa kubwa zaidi.

Baada ya kushonwa, mgonjwa anakaa siku nyingi bila kula kwa kinywa. Mara nyingi watamlisha kwa mpira mdogo unaoingia moja kwa moja katika matumbo. Hapa ndipo tunaomba msaada wako sana. Mgonjwa atasema, "Nina njaa." Ndugu watasikia huruma. Mtu atakuja na uji chini ya kitenge wakati munganga amepita. Mama, ukatae! Kijiko kimoja cha uji kinaweza kufungua tena tundu lililoshonwa na kuharibu kazi yote. Anayelinda kitanda ni wewe. Ngoja munganga mwenyewe aseme: "Leo anaweza kunywa."

8. TUJILINDE NAMNA GANI?

Usimlazimishe mtu kutapika. Hili ni neno kubwa. Usitie kidole kooni mwa mtu. Usimnyweshe maji ya chumvi, mayai mabichi, mafuta wala majani ya kutapisha.

Sana sana usifanye hivyo kwa mtoto aliyekunywa mafuta ya taa ao maji makali ya batri, ao aliyelamba soda kali ya kutengenezea sabuni. Wamama wengi wanatengeneza sabuni ya mafuta ya mawese nyumbani. Soda ile inaonekana kama sukari ao chumvi, na mtoto anaionja. Inachoma umio ikishuka. Ukimtapisha, inauchoma mara ya pili ikipanda. Umio uliochomwa unaweza kutoboka, ao ukapona kwa kovu na kuziba, mtoto asiweze tena kumeza chakula. Na mafuta ya taa yakipanda yanaingia katika mapafu. Suuza kinywa na uso wa mtoto kwa maji safi, mvue nguo zilizolowa, na kuja naye mara moja pamoja na kile chombo alichonywea. Na soda yako, mama, uiweke juu, mahali pa kufungwa. Usiitie kamwe katika chupa ya kunywea.

Mama mwenye mimba, kichefuchefu cha miezi ya kwanza ni cha kawaida. Kula kidogo kidogo, mara nyingi, na usikae na njaa. Lakini kama unatapika kila kitu, hubakizi hata maji, mkojo umekuwa kidogo na mweusi, usikae nyumbani kwa kusema "ni mimba tu". Njoo. Tunazo dawa za kutuliza.

Wakati wa kuzaa, sikiliza mkunga. Sukuma wakati anapokuambia. Ukisikia maumivu makali ya kifua ao shingo ikivimba, mwambie mara moja.

Muhogo mchungu uloweke siku zake zote na kuukausha vizuri. Usiharakishe kwa sababu ya njaa ao soko. Muhogo usioiva majini unatapisha na kuua.

Na wanaume wetu? Zungumza na bwana yako kwa upole, siku ambayo hajanywa. Mwambie habari ya yule mkubwa wa Uholanzi. Lutuku na shibe ya kupita kiasi vinaleta tapishi la nguvu. Na mtu akitaka kutapika mbele ya wageni, asione haya. Aende nje, atapike. Haya haijengi nyumba.

9. MASWALI WAMAMA WANATUULIZA

"Je, tundu dogo haliwezi kupona lenyewe nyumbani?" Hapana. Kuna matundu madogo ambayo hospitali wanayaponya bila kupasua, kwa serumu, dawa na kutokula. Lakini ni munganga anayechagua hivyo, naye anamlinda mgonjwa usiku na mchana. Nyumbani bila matunzo, karibu wote wanakufa.

"Kama nimekwisha kumpa maji kabla ya kukumbuka?" Usikae na kulia. Acha sasa hivi, na uende. Ukifika, mwambie munganga ulimpa nini na saa ngapi. Usifiche. Hatutakugombeza.

"Kama maumivu yamepungua njiani, turudi?" Msirudi. Pengine mwili umechoka tu. Endeleeni mpaka mfike.

"Kama tulipeleka mgonjwa, kisha ikaonekana ni kitu kidogo?" Tutafurahi pamoja nanyi. Safari ya bure ni afadhali kuliko kaburi.

10. KUMBUKA, MAMA

Kutapika kwanza, maumivu ya kifua baadaye: ni hatari.
Usimpe kitu kinywani.
Umkalishe nusu kitako.
Ondokeni mara moja, usiku ao mchana.
Mwambie munganga namna ilivyoanza.
Usimlazimishe mtu kutapika, mkubwa wala mdogo.
Mtoto anayehara na kutapika, yeye anyweshwe.

Sasa wanaita jina lako, chukua mtoto uende kwenye kilo. Lakini usikitupe kikaratasi hiki. Ukiweke pamoja na karatasi ya kliniki ya mtoto. Jioni, mkikaa kando ya moto, umsomee bwana yako na mamamkwe. Mtu anayesikia leo hatabishana nawe usiku ule wa shida.

Mungu awalinde wote wa nyumba yako.